Mwalimu wa swali la "wangapi"

Tarehe 4 Novemba 2023, huko North Carolina, Marekani, alifariki dunia mzee mmoja aliyeitwa Philip Meyer, akiwa na umri wa miaka 93. Alikuwa mwandishi wa habari, na baadaye mwalimu wa uandishi wa habari. Huku kwetu Manyara msiba huo haukuvuma, wala sioni ajabu, kwani Marekani ni mbali na mzee mwenyewe hakuwa mwanasiasa wala mwanamuziki.

Siku 29 baadaye, alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kishindo juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwamo Gendabi, Jorodom na Ganana. Watu 89 walipoteza maisha.

Msikilizaji wangu, ambaye kwa ukurasa huu ni msomaji, atauliza mambo haya mawili yanahusiana vipi. Kwa mtazamo wangu yanahusiana sana, na mazungumzo yangu ya juma hili ni kuhusu uhusiano huo.

Tuanze na Katesh. Siku ile zana za kutangazia hazikuwa haba hata kidogo. Kabla jua halijawa kali, picha za video zilizopigwa kwa simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Arusha, Dar es Salaam na hata Dubai, ambako Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akihudhuria mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, akalazimika kukatiza safari yake. Miaka ishirini na mitano iliyopita habari kama hiyo ingesafiri kwa simu ya mezani ya posta, kama laini ingekuwa nzima, au kwa dereva wa basi. Safari hii iliruka.

Lakini pamoja na picha yaliruka pia mambo mengine. Kuna waliosema mlima umelipuka kwa volkano, na uvumi huo ulipata nguvu kwa sababu kila aliyesoma jiografia anajua kwamba Hanang ni mlima uliotokana na volkano. Ilibidi Msemaji Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Mobhare Matinyi, ambaye mwenyewe ni mwandishi wa habari, aeleze walichobaini wataalamu: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikameguka. Hapakuwa na volkano yoyote.

Halafu kulikuwa na idadi ya waliokufa. Kufikia Jumatatu zilitajwa maiti 47. Ikaja 63. Ikaja 65, kisha 68, kisha 76, na mwishowe 89. Msikilizaji wa Mbulu mjini au Dongobesh aliyebadilisha stesheni mara tatu kwa siku moja angeweza kusikia idadi tatu, akaamini kwamba mmoja wa watangazaji ni mwongo. Hakuna aliyesema uongo. Miili ilikuwa ikiendelea kufukuliwa, na kila idadi ilikuwa ya kweli kwa saa yake. Tatizo ni kwamba taarifa nyingi zilitaja idadi bila kutaja saa, bila kutaja aliyehesabu, na bila kusema kama waliohesabiwa ni miili iliyopatikana au ni pamoja na watu wasiojulikana walipo. Idadi isiyo na mambo hayo matatu ni sawa na barua isiyo na tarehe wala sahihi.

Hapo ndipo ninapomleta mzee Meyer.

Alizaliwa mwaka 1930 katika mji mdogo wa Deshler, jimbo la Nebraska, akakulia Kansas, kwenye nchi ya ngano. Anayejua mashamba ya Basotu anaweza kuikisia sura ya nchi hiyo. Alifanya kazi ya gazeti kama vijana wengine wa enzi yake, kwa daftari na taipureta, hadi akawa mwandishi wa magazeti ya kampuni ya Knight mjini Washington. Mwaka 1966 alipata nafasi ya kusoma kwa mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mpango maalumu wa waandishi waliokwisha kukomaa kazini. Wengi huenda huko kusoma siasa au historia. Yeye alikwenda kukaa na watu wa sayansi ya jamii, akajifunza takwimu na namna ya kutumia kompyuta.

Kompyuta yenyewe isikuletee picha ya hii ya kukunja na kubeba kwapani. Ilikuwa IBM 7090, mtambo wa kujaza chumba, uliolishwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Mwandishi wa habari kusimama mbele ya mtambo ule lilikuwa jambo la kuchekesha. Wenzake walijua kompyuta ni ya mabenki, ya jeshi na ya watu wa kurusha roketi.

Alipomaliza masomo tu, Julai 1967, jiji la Detroit liliwaka moto. Polisi walivamia baa isiyo na leseni katika Mtaa wa 12, eneo la Wamarekani weusi, na fujo zilizofuata zikadumu kwa siku kadhaa. Watu 43 walikufa na zaidi ya 7,000 wakakamatwa. Meyer alipelekwa huko kuongeza nguvu katika gazeti la Detroit Free Press.

Moto ulipozimika wakaanza wenye maelezo. Unawajua watu hao, maana kila nchi inao. Wakasema waliofanya fujo ni wahuni wa mwisho kabisa wa jamii, watu wasiosoma, waliokata tamaa. Wengine wakasema ni wahamiaji kutoka mashamba ya Kusini ambao hawajazoea maisha ya mjini. Maelezo yote mawili yaliingia akilini vizuri sana, yakachapishwa, yakarudiwa na wakubwa.

Meyer akauliza: mmehesabu?

Kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, gazeti liliandaa maswali, likawafundisha walimu wa shule, nao weusi kama wenyeji, namna ya kuhoji, na likawatuma nyumba kwa nyumba katika mitaa ile. Walihojiwa watu 437. Hawakuchaguliwa kwa sababu walikuwa wamesimama barabarani au kwa sababu walipenda kusema. Walichaguliwa kwa utaratibu ambao ulimpa kila mkazi nafasi ya kuangukiwa na bahati hiyo. Waliahidiwa kwamba majina yao hayatajulikana, wakaulizwa hata kama wao wenyewe walishiriki. Na watu wakajibu! Takriban mmoja katika kila tisa alikubali kwamba alikuwamo. Majibu yakatobolewa kwenye kadi, kadi zikaingizwa kwenye kompyuta, na ndani ya wiki chache gazeti likawa na majibu ambayo mtafiti wa kawaida angeyasubiri kwa mwaka au zaidi.

Majibu yakavunja maelezo yote mawili. Waliosoma walishiriki sawa na wasiosoma. Waliokulia Kaskazini, watoto wa mjini hasa, walishiriki zaidi kuliko waliotoka Kusini, tena kwa tofauti kubwa. Na walipoulizwa kero zao, iliyotajwa mbele ya zote ilikuwa ukatili wa polisi, kisha msongamano wa nyumba na ukosefu wa kazi. Waandishi wengine wa gazeti hilo hilo waliwafuatilia watu wote 43 waliokufa, mmoja mmoja, kujua kila mtu alikufa wapi, saa ngapi na kwa mkono wa nani, wakafikia uamuzi kwamba wengi hawakupaswa kufa. Mwaka 1968 gazeti lilipewa tuzo ya Pulitzer kwa kazi yake ya siku hizo.

Msomaji mmoja atasema watu 437 katika jiji lenye watu zaidi ya milioni moja ni wachache mno. Nimjibu kwa jikoni. Mpishi wa makande haonji sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea. Kijiko kimoja kinamtosha. Lakini sharti akoroge kwanza. Asipokoroga, akachota juu juu, atapata mchuzi mtupu na kuwatangazia wageni kwamba makande hayana maharage. Habari nyingi tunazozisikia zenye maneno "wananchi wamesema" ni za kuchota juu juu: watu wanne waliokuwa stendi, mchana, wote wanaume. Kukoroga ndiyo sayansi yenyewe, na kijiko kina nafasi ndogo sana katika jambo hilo.

Mwaka 1973 Meyer alichapisha kitabu kuhusu njia yake hiyo, Precision Journalism, yaani uandishi wa habari wenye vipimo. Kilisomwa katika vyuo vingi. Mwaka 1981 akaacha kazi ya gazeti, akaenda kuwa profesa wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2008.

Si kila teknolojia aliyoikumbatia ilimpa matunda. Kabla hajawa mwalimu alikuwa miongoni mwa watafiti wa mradi wa kampuni yake ulioitwa Viewtron, wa kupeleka habari nyumbani kwa watu kupitia waya wa simu na kioo cha televisheni. Ulifunguliwa rasmi Florida mwaka 1983, ukafungwa mwaka 1986 kwa hasara kubwa. Kilichowashangaza wenye mradi ni kwamba wateja wengi walivutiwa zaidi na kuandikiana wao kwa wao kuliko kusoma habari walizoandaliwa. Mtu yeyote mwenye magrupu sita ya WhatsApp kwenye simu yake, la ukoo, la kanisa, la kikoba na mengineyo, haoni ajabu yoyote. Wale walikuwa wametangulia miaka thelathini na kidogo.

Nampenda zaidi kwa jambo hilo. Kuna walimu wa teknolojia ambao husifu kila mtambo mpya kama muuza dawa wa mnadani. Meyer alichokitaka kwa kompyuta kilikuwa kimoja: imsaidie kujua kama anachotaka kukiandika ni kweli. Mwaka 2004, katika kitabu kingine, alichora mstari wa jinsi wasomaji wa magazeti ya Marekani walivyokuwa wakipungua, na mstari ukionekana kufika sifuri mwaka 2043. Wakubwa wa habari duniani wakautangaza kama unabii, naye akabaki kueleza kwamba mstari wa kwenye karatasi hauna lazima ya kuendelea kunyooka. Wewe uliyenunua gazeti hili leo huna haja ya kutishika.

Nitoe mfano mmoja wa waliofuata njia yake, kwa kuwa unatugusa. Agosti 1992 kimbunga kilichopewa jina la Andrew kilipiga Florida ya Kusini na kubomoa maelfu ya nyumba. Kila mtu alisema upepo ulikuwa mkali, basi. Steve Doig wa gazeti la Miami Herald alichukua orodha ya nyumba zilizokaguliwa baada ya kimbunga, akaioanisha kwa kompyuta na daftari la kodi za majengo linaloonyesha mwaka nyumba ilipojengwa, kisha na ramani ya kasi ya upepo. Ikaonekana kwamba nyumba mpya, zilizojengwa tangu 1980, ziliharibika zaidi kuliko za zamani. Upepo ulikuwa mkali kweli, lakini kanuni za ujenzi zilikuwa zimelegezwa na ukaguzi umekuwa wa kupitisha tu. Mwaka 1993 gazeti hilo nalo likapata Pulitzer. Kumbuka kwamba orodha zote hizo zilikuwa ofisini muda wote, mezani kwa watu. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka pamoja.

Sasa turudi nyumbani. Chuo nilichosomea stashahada yangu kilitufundisha vizuri yale maswali ya mwandishi: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. "Wangapi" halikuwamo. Tulihitimu tukiwa tunaogopa asilimia kama watu wanavyoogopa nyoka, na wapo wenzetu wengi redioni ambao mpaka leo watakutangazia kwamba ajali wilayani zimeongezeka kwa asilimia 100, wakati zilikuwa moja na sasa ni mbili.

Wakati fulani hata sheria ilitutia hofu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyopitishwa Septemba 2018 yalifanya kuwa hatari kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, hadi Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi wake waziwazi. Juni 2019 sheria ilirekebishwa tena na adhabu hiyo ya jinai ikaondolewa. Tangu 2016 tunayo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa hiyo mlango si wa kufungwa kwa komeo kama wengi wanavyodhani. Jijini Dar es Salaam wapo wanaoutumia: Nukta Africa, iliyoanzishwa na mwandishi Nuzulack Dausen, huandika habari kutokana na takwimu na kuwafundisha waandishi wengine kazi hiyo. Ombi langu kwao ni kwamba wapandishe basi waje na huku.

Kwa sababu huku, ndugu msomaji, ndiko tunakoijua zaidi nguvu ya idadi. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, yaliyofikia ekari zipatazo 100,000. Magunia yalihesabiwa kila msimu, na hesabu yake ilisomwa kwa fahari. Malisho ya Wabarbaig yaliyomezwa na mashamba hayo, na makaburi ya wazee wao yaliyopitiwa na matrekta, hayakuwa na safu yake katika daftari la mavuno. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu na kushindwa Mahakama ya Rufani katikati ya miaka ya 1980. Ngano ilikuwa na namba za kuisemea. Malisho hayakuwa nazo, au yalizipata kwa kuchelewa, watafiti walipokuja na daftari zao.

Na Mbulu pia, wapo wanaohesabu kimyakimya. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955, ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti uliojulikana kama MAL-ED, uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini hudumaa, na magonjwa ya kuhara yanahusika vipi. Walitembelewa nyumbani, wakapimwa, wakaandikwa, mwezi baada ya mwezi. Mtu wa Haydom hahitaji kungoja mtaalamu kutoka ng'ambo aje amwambie habari za afya ya watoto wake. Zilikusanywa kwake.

Vifaa navyo vipo. Sensa ya Agosti 2022, iliyotuhesabu Watanzania 61,741,120 na kuupa mkoa wetu wa Manyara watu 1,892,502, ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Leo kifaa kilicho mkononi mwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kina uwezo mkubwa mno kuliko ule mtambo wa Meyer uliojaza chumba. Nasikitika kusema kwamba waandishi wengi tunaokitamani tunakitamani kwa ajili ya kurusha video.

Fikiria mzee yule angetua Katesh, mathalani mwezi wa kwanza wa 2024, wakati watu wamemaliza matanga na maelezo yameshakuwa mengi: wamejenga mabondeni, wamekata miti, ni mapenzi ya Mungu. Asingebishana na yeyote. Angeanza na orodha ya watu 89, jina moja moja: alikuwa na umri gani, alilala wapi usiku ule, nyumba ilikuwa mita ngapi kutoka kwenye korongo, ilijengwa mwaka gani, kiwanja kilipimwa au hakikupimwa, na kama kilipimwa, ni ofisi gani iliyokipima. Angetafuta pia nyumba ambazo zilikuwa mahali pale pale na watu wake wakapona, maana asiyewauliza walionusurika hawezi kujua kilichowaua wenzao. Angeuliza kiasi cha mvua kilichonyesha wiki ile, kwa vipimo, na nani alikuwa na kipimo hicho siku ya Jumamosi.

Mengi ya hayo yana karatasi yake mahali fulani. Shule za eneo lile zina daftari za mahudhurio za Ijumaa ya tarehe 1 Desemba 2023, na zina daftari za siku wanafunzi waliporudi Januari. Mwandishi anayetaka kazi hii anaweza kuanza kwa kuweka daftari hizo mbili mezani na kusoma majina.